Dirisha Lenye Namba Ileile

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu hapa Sekenke.)



Nilipokuwa kidato cha pili niliitwa mbele ya paredi mara moja tu, na sikuitwa ili nisifiwe. Kwa hiyo kuitwa tena leo, nikapewa na maji ya kunywa, ni heshima kubwa kwangu.

Mahali hapa tulipo pana historia yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wakichimba dhahabu hapa Sekenke. Mwaka 1916, walipobanwa na vita na kupungukiwa na fedha, dhahabu ya hapa ilipelekwa Tabora ikatengenezwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Wakusanyaji wa sarafu za kale wanazitafuta hadi leo. Naitaja habari hiyo kwa sababu kazi yangu nami ni kulinda mali, ila mali yenyewe haina uzito wala haing'ai. Ni orodha: nani amelipa ada, nani amepewa dawa gani, nani ana shilingi ngapi katika simu yake. Orodha kubwa za namna hiyo, zinapowekwa ndani ya kompyuta kwa mpango, huitwa kanzidata. Kompyuta inayozitunza na kuwapa watu wanaozihitaji huitwa seva.

Mwenyekiti ameniomba niwaeleze wanafunzi kazi ya watu wa kompyuta ni nini hasa. Ningeweza kueleza mambo makubwa makubwa, lakini nimeona heri nieleze jambo moja dogo, namba yenye tarakimu tano, na jinsi namba hiyo ilivyonifundisha kazi. Mnisamehe nikienda taratibu. Wazee waliozoea mambo haya wanaweza kusinzia kidogo, nitawaamsha kabla ya chakula.

Tuanze na posta. Ukifika katika posta kubwa, jengo ni moja na anwani ni moja, lakini ndani mna madirisha mengi. Hili la stempu, hili la vifurushi, lile la fedha. Kila dirisha lina namba yake. Ukienda na kifurushi kwenye dirisha la stempu, hutahudumiwa hata ukisimama hapo mpaka jioni. Seva nayo iko hivyo. Ina anwani yake katika mtandao, na ndani yake mna madirisha yenye namba, ambayo wataalamu huyaita poti. Namba hizo huandikwa kwa biti 16, na wale wa kidato cha tatu wanaweza kupiga hesabu: mbili kipeo cha 16 ni 65,536. Kwa hiyo namba zinaanzia 0 na kuishia 65,535.

Kwa desturi, kila huduma mashuhuri ina dirisha lake. Kanzidata ya Oracle hupokea wageni katika poti 1521, MySQL katika 3306, PostgreSQL katika 5432. SQL Server ya Microsoft, ambayo ndiyo habari yetu leo, hupokea katika 1433. Lakini SQL Server ina tabia moja. Ukiweka huduma ya pili katika kompyuta hiyohiyo na kuipa jina lake, yenyewe haichukui 1433. Isipoelekezwa, inapowashwa hujichagulia namba yoyote iliyo wazi. Na ili wageni wasipotee, kuna dirisha la maulizo, poti 1434, ambako mgeni huuliza, "Huduma ya jina fulani iko dirisha la ngapi leo?" naye akaelekezwa.

Utaona kwamba mpango huo ni mzuri endapo dirisha la maulizo liko wazi. Lakini tarehe 25 Januari 2003 ulimwengu ulijifunza hatari yake. Siku hiyo programu ovu ndogo mno, ya baiti 376 tu, fupi kuliko barua ya kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani, iliingia kwa kupitia dirisha hilohilo la 1434. Wataalamu waliipa jina la Slammer. Mwanzoni idadi ya seva zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka mara mbili kila sekunde 8.5, na katika muda wa dakika 10 hivi ilikuwa imekwisha kuzipata nyingi ya zile zilizokuwa na udhaifu huo. Waliohesabu baadaye walikuta seva zisizopungua 75,000. Huko Marekani mashine za benki za kutolea fedha zilikwama na safari za ndege zilivurugika. Kinachosikitisha ni kwamba dawa yake ilikuwapo. Microsoft walikuwa wametoa rekebisho tangu Julai 2002, miezi sita kabla, lakini wengi hawakuliweka.

Tangu hapo, wasimamizi wengi waliamua kulifunga dirisha la maulizo, na mimi ni mmoja wao. Sikukosea kulifunga. Nilikosea kutofikiri ni nini kitakachofuata.

Sasa niwaeleze seva za kupokezana. Mahali ambapo kazi haiwezi kusimama, kama hospitali, hawaweki seva moja. Huweka mbili, zikatumia hazina moja ya kumbukumbu. Moja hufanya kazi na ya pili hukaa macho kama askari wa zamu. Ya kwanza ikianguka, ya pili huichukua kazi palepale. Wataalamu huita jozi hiyo klasta. Klasta ina jina lake na anwani yake, mbali na majina ya zile mashine mbili, ili mtumiaji asijue wala asijali ni ipi iliyo zamu. Yeye huita jina la klasta, na aliye zamu huitika.

Mwaka 2016 nilikuwa mtunzaji wa klasta ya namna hiyo katika hospitali moja kubwa, ambayo sitaitaja. Kosa lilikuwa langu, si la hospitali. Kanzidata ilitunza kadi za wagonjwa, vipimo vya maabara na dawa walizoandikiwa. Huduma ilikuwa ni yenye jina, kwa hiyo ilikuwa imejichagulia poti yake, 49812. Nilipolifunga dirisha la maulizo, niliiandika namba hiyo katika kompyuta zote za wodini na za dirisha la dawa, na katika kinga ya mtandao, yaani ule ulinzi unaoamua ni poti gani ziruhusiwe kupitisha wageni, nikairuhusu 49812 peke yake. Kila kitu kikafanya kazi. Kikafanya kazi miezi saba. Nikajiona fundi.

Usiku mmoja, mnamo saa nane, mashine ya kwanza iliharibika kifaa cha umeme. Ya pili ikaichukua kazi, kama ilivyopangwa. Lakini katika mashine hiyo ya pili, namba 49812 ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na programu nyingine. SQL Server, kwa kuwa hakuna aliyeiambia ibaki na namba moja, ikajichagulia nyingine, 50347. Kinga ya mtandao haikuijua 50347. Kompyuta za wodini nazo hazikuijua. Ziliendelea kubisha hodi katika dirisha ambalo nyuma yake hapakuwa na mtu wao.

Nilipigiwa simu nikaenda. Na hapa, vijana, sikilizeni vizuri. Niliketi mbele ya seva yenyewe, nikatazama klasta, ikaonyesha kijani: mzima. Nikafungua kanzidata kutoka palepale, ikafunguka bila taabu. Nikamwambia muuguzi mkuu kwa simu, "Dada, huku kila kitu ni kizima. Angalieni kompyuta zenu." Akanijibu kwa upole ulionichoma kuliko tusi: "Kaka, njoo usimame huku niliko mimi, halafu useme hivyo."

Nikaenda wodini. Nilikuta foleni kwenye dirisha la dawa. Nilimkuta mama mmoja amempakata mtoto wa miaka mitano hivi mwenye homa, ambaye kadi yake ilikuwa na alama kwamba mwili wake unakataa dawa fulani ya sindano. Mama aliikumbuka habari ya alama, lakini jina la dawa hakulikumbuka. Daktari wa zamu alikataa kubahatisha. Alituma mtu stoo kutafuta faili la karatasi la mwaka uliotangulia, na wakati huo alimpa mtoto zile tiba zisizo na shaka. Faili lilipatikana baada ya saa moja na nusu. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini aliponea kwa hekima ya daktari na kwa karani ambaye hakuwa ametupa karatasi. Klasta yangu haikumsaidia kitu.

Ningependa kusema kwamba nilipoielewa shida niliimaliza mara moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, basi sitaficha. Nilipogundua kwamba namba imebadilika, niliamua kuipa huduma namba ya kudumu. Nikaisimamisha kwanza, kwa kudhani kwamba ndiyo adabu ya kazi, nikaandika namba mpya, nikaiwasha. Ikarudi na mpango wa zamani. Nikaandika tena. Ikarudi tena. Nilitoka jasho nikadhani pana mchawi.

Hapakuwa na mchawi. Klasta ina kumbukumbu yake yenyewe ya mipangilio ya huduma inayoitunza, ili iweze kuipeleka katika mashine yoyote itakayoshika zamu. Huduma ikiwa hai, kila badiliko utakaloandika katika mashine iliyo zamu hunakiliwa katika kumbukumbu hiyo. Huduma ikiwa imesimamishwa, klasta haiangalii unachoandika, na utakapoiwasha itachukua nakala yake ya zamani na kuibandika juu ya maandishi yako. Mimi nilikuwa nikiandika ubaoni wakati mwenye daftari ametoka nje. Alikuwa akirudi, anafuta, anaandika ya kwake. Kazi iliyostahili dakika kumi ilinichukua mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Kwa kuwa miongoni mwenu wamo watakaofanya kazi hii, na kwa kuwa tayari wamo wanaoifanya katika wilaya zetu, niwape utaratibu ninaoufuata tangu siku ile.

La kwanza, chagua namba ya kudumu. Isiwe kati ya 49152 na 65535, maana hizo ndizo ambazo Windows huzigawa kwa programu zinazopita njia, na ndizo zilizoniponza. Chagua iliyo chini ya hapo, halafu hakikisha katika mashine zote mbili kwamba hakuna programu nyingine inayoitumia. Msisahau neno zote mbili.

La pili, fanya badiliko katika mashine iliyo zamu, huduma ikiwa hai. Fungua SQL Server Configuration Manager, ingia katika mipangilio ya TCP/IP, teremka hadi fungu liitwalo IPAll. Utakuta nafasi mbili. Ile ya TCP Dynamic Ports ifute iwe tupu kabisa. Usiandike sifuri, kwa maana hapo sifuri haimaanishi "hakuna", inamaanisha "jichagulie mwenyewe". Katika ile ya TCP Port andika namba yako.

La tatu, badiliko halianzi kufanya kazi mpaka huduma iwashwe upya. Isimamishe na kuiwasha kwa kupitia chombo cha kusimamia klasta. Ukiizima kwa njia nyingine, klasta inaweza kudhani imeanguka, nayo ikaanza kuihamisha wakati wewe hujajiandaa.

La nne, ifungue namba hiyo katika kinga ya mtandao ya kila mashine, moja baada ya nyingine. Klasta huhamisha mipangilio ya kanzidata, lakini haihamishi ruhusa za kinga. Na uzifunge zile za zamani zisizotumika. Dirisha lisilo na kazi ni mwaliko kwa mwizi.

La tano, waambie wateja. Katika kompyuta za watumiaji huandikwa jina la klasta, kisha alama ya mkato, kisha namba. Si nukta mbili kama ilivyo katika programu nyingine nyingi. Alama hiyo moja imewapotezea watu saa nyingi.

La sita, soma shajara ya makosa ya SQL Server. Kila inapowaka huandika humo kwamba inasikiliza katika poti gani. Usikisie kitu ambacho kimeandikwa.

La saba ndilo nililolipia bei kubwa. Hamisha zamu kwa makusudi. Chagua siku, toa taarifa, madaktari wawe na karatasi tayari, kisha uipeleke kazi kwenye mashine ya pili. Halafu usipime ukiwa umeketi mbele ya seva. Nenda wodini, nenda kwenye dirisha la dawa, simama alipo muuguzi, ufungue kadi kutoka pale. Ukikaa kwenye seva wewe uko ndani ya nyumba, hupiti mlangoni, na mlango ndio unaotaka kuujua.

Ndugu zangu, msidhani jambo hili ni la kompyuta mbili katika chumba kimoja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika siku hiyohiyo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na sisi tuliokuwa tukingoja ukurasa mmoja ufunguke kwa dakika tano tulishangilia. Tulisema sasa tuna njia mbili. Lakini zote mbili zilipita bahari ileile, zikapata ajali ya aina moja. Akiba inayokaa njia moja na kile inachokiakibia ni nusu akiba. Na akiba ambayo haijapata kujaribiwa hatujui ni kiasi gani.

Wenyeji wa hapa hawahitaji kufundishwa na mimi. Mlima wetu huu wa Sekenke, kwa malori yanayotoka Singida na kushuka kwenda Shelui, umekula magari na watu. Dereva mwenye busara akifika juu husimama. Anashuka, anazunguka gari, anakanyaga breki akiwa bado mahali pa tambarare, anaweka gia ndogo, ndipo anateremka. Anayengoja kuzijua breki zake katikati ya mteremko, sisi huku chini ndio hukimbilia kumtoa. Mimi nilizaliwa nikiyaona mambo hayo, nikasoma chini ya mlima huo, kisha nikaenda mjini nikateremka na klasta ya hospitali nzima bila kukanyaga breki hata mara moja.

Kwenu wadogo zetu: msiogope kazi hii kwa kuwa ina majina ya kigeni. Inahitaji hesabu mnayofundishwa hapa, Kiingereza cha kusomea vitabu vyake, na daftari. Ndiyo, daftari. Tangu mwaka ule kila badiliko naandika: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, sababu, na jina la aliyepima kutoka wodini. Anayekuja baada yangu asilazimike kuamshwa saa nane za usiku kuja kutafuta dirisha lililohama.

Na kwenu wenzangu wa rika langu, ambao sasa tunasimamia ofisi, shule na zahanati: kijana wenu wa kompyuta akiwaomba nusu siku ya kujaribu mashine ya pili, mpeni. Ataonekana anasimamisha kazi bure. Mpeni tu. Na mkimpa, mwulizeni swali moja jioni: "Umepima kutoka wapi?"

Yule muuguzi mkuu amekwisha kustaafu. Nilipokwenda kumuaga aliniuliza kama bado nakaa mbele ya seva na kusema kila kitu ni kizima. Nikamwambia hapana, dada, siku hizi nauliza kwanza huko uliko wewe kukoje.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wananitazama kwa jicho ambalo sote tuliopita shule hii tunalijua.